Nyumba ya Kuishi Ikigeuzwa Fremu: Mwongozo kwa Mkazi wa Ghorofa Dar es Salaam

Kila jengo letu la Upanga linapopata wakazi wapya, maswali yanayoifikia kamati huwa ni yale yale. Jirani wa ghorofa ya chini amevunja dirisha la sebule na kuweka mlango wa duka; je, ana ruhusa? Nyumba ya ghorofa ya pili imekuwa stoo ya viatu na wapagazi wanapandisha mabelo ngazini tangu alfajiri, tumwone nani? Mwenyekiti wa mtaa amesema jambo hili limemzidi kimo, tuelekee wapi? Mwongozo huu umeandikwa ili maswali hayo yapate jibu moja lililo mahali pamoja, kwa mtu ambaye hajawahi kuandika barua ya malalamiko wala kuingia ofisi ya ardhi.

Unahusu majengo ya ghorofa jijini Dar es Salaam, na kwa kuwa sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara, mkazi wa Mwanza au Arusha anaweza kuufuata kwa kubadili majina ya ofisi tu. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na majengo, kwa hiyo msomaji wa huko asiutumie kama ulivyo.

Jambo moja lishike kabla ya yote, kwa sababu wengi hupoteza miezi kwa kutolijua: usianze na kero, anza na karatasi. Kelele, harufu ya mafuta ya kukaangia na foleni ya bodaboda mlangoni ni kero za kweli, lakini kero hubishaniwa, na mwenye duka atasema wewe ndiye mwenye masikio mepesi. Matumizi yaliyoandikwa katika hati ya kiwanja hayabishaniwi kirahisi, na vivyo hivyo umiliki wa ngazi, korido na paa. Hoja hizo mbili ndizo zibebe shauri lako, na kero zije nyuma yake kama ushahidi wa madhara.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Nakala ya karatasi inayokuweka ndani ya jengo, yaani hati ya sehemu ya jengo, mkataba wa mauziano au mkataba wa upangaji.
- Namba ya kiwanja, kitalu na jina la eneo, kama vinavyosomeka kwenye hati au kwenye ankara ya kodi ya pango la ardhi. Bila namba hizo hakuna ofisi itakayokuhudumia, hata ukieleza kwamba jengo linatazamana na msikiti na kila mtu analijua.
- Daftari la kurasa zilizoshonwa, si karatasi huru wala ujumbe wa simu.
- Simu yenye kamera, ambayo saa na tarehe yake ziko sahihi.
- Majirani wawili au watatu walio tayari kuweka saini zao. Huruma peke yake haitoshi.
- Fedha kidogo za upekuzi, nakala na nauli, pamoja na uvumilivu wa kurudi ofisi ile ile zaidi ya mara moja.

Hatua ya 1: Tambua nafasi yako katika jengo

Haki zako zinategemea wewe ni nani. Ikiwa unamiliki nyumba yako kwa hati chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 (Sura ya 416), wewe ni mmiliki wa sehemu yako na pia mmiliki mwenza wa maeneo ya pamoja, na jengo linapaswa kuwa na chama cha wamiliki chenye kanuni zake na bodi ya usimamizi. Katika hali hiyo barua nyingi zitatoka kwa chama, jambo ambalo lina uzito kuliko jina la mtu mmoja.

Ikiwa wewe ni mpangaji, iwe wa mtu binafsi au wa Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo majengo mengi ya katikati ya jiji yako chini yake, mwenye nyumba wako ndiye wa kwanza kuandikiwa. Soma mkataba wako kwa makini: mara nyingi una kifungu kinachokuzuia wewe kufanya biashara ndani ya nyumba, na jirani yako mwenye mwenye nyumba huyo huyo huenda ana kifungu hicho hicho. Shauri linaweza kumalizikia hapo bila kwenda halmashauri.

Kundi la tatu ni la walionunua nyumba kwa mkataba tu, huku hati ya kiwanja kizima ikibaki kwa mjenzi au kwa familia ya marehemu. Ukiwa huko, usiache mapambano, lakini fahamu kwamba mwenye jina kwenye hati ndiye anayetambuliwa na ofisi ya ardhi, kwa hiyo mtafute mapema na umwombe akuunge mkono kwa maandishi.

Hatua ya 2: Jua kiwanja kimeruhusiwa nini

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua kama una shauri au huna. Kila hati ya kumiliki ardhi ina masharti, na mojawapo ni la matumizi. Humo utakuta kundi la matumizi likitajwa kwa herufi, na daraja la matumizi ndani yake. Hati nyingi za makazi hutaja kundi A na kuongeza kwamba ardhi na jengo litumike kwa makazi tu. Lakini viwanja vingi vya Kariakoo, na baadhi ya vile vilivyo pembezoni mwa barabara kubwa za Upanga, vimepangiwa makazi pamoja na biashara, na hapo duka la ghorofa ya chini linaweza kuwa halali tangu siku jengo lilipochorwa.

Nenda ofisi ya ardhi ukiwa na namba ya kiwanja na uombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Jibu la upekuzi litakuonyesha nani anamiliki na kama kuna rehani au zuio lililosajiliwa. Kisha nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri yako na umuulize mambo matatu, tena kwa maandishi: matumizi ya kiwanja hicho ni yapi katika mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, je, kuna kibali chochote cha kubadili matumizi kilichotolewa, na je, kuna kibali cha ujenzi kwa ajili ya mabadiliko unayoyaona sasa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 (Sura ya 355), uendelezaji katika eneo la mpango unahitaji idhini ya mamlaka ya upangaji, na kugeuza nyumba ya kuishi kuwa duka, baa au stoo ya jumla kunaingia humo hata kama hakuna tofali lililoongezwa.

Ukikataliwa taarifa kwa mdomo, iombe kwa barua inayotaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Barua ya namna hiyo hubadilisha sauti ya mapokezi.

*Tahadhari.* Jirani atakuonyesha leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, yenye namba na muhuri, na wengi hukata tamaa papo hapo. Leseni hiyo inamruhusu kufanya biashara ya aina fulani. Haibadilishi matumizi ya kiwanja, na haimpi haki juu ya ukuta wa jengo wala ngazi. Isome kwa utulivu, nakili namba yake, kisha angalia mahali pa biashara palipoandikwa, kwa kuwa si mara chache leseni ikawa imetolewa kwa fremu ya mtaa mwingine kabisa.

Ukigundua kwamba kiwanja ni cha makazi na biashara, usikasirike na usifunge faili. Hoja ya matumizi imedhoofika, ila hoja ya maeneo ya pamoja, usalama na kelele iko palepale, na hatua zinazofuata bado zinakuhusu.

Hatua ya 3: Tenganisha sehemu yake na eneo la pamoja

Chukua ramani ya jengo, au kama haipo, chora mwenyewe mchoro wa kila ghorofa kwenye karatasi ya A4. Weka rangi moja kwenye nyumba za watu na nyingine kwenye kila kisicho cha mtu mmoja: ngazi, korido, paa, kuta za nje, uwanja wa kuegesha magari, chumba cha mita, matangi, chemba na mlango mkuu. Baada ya hapo tembea na mchoro huo na uandike kila kitu cha biashara unachokikuta ndani ya rangi ya pili.

Utashangazwa na orodha. Katika jengo letu, saluni moja iliyodai inatumia chumba kimoja tu ilikuwa na friza mbili za soda kwenye kituo cha ngazi, waya uliochomekwa kwenye taa ya korido ambayo umeme wake hulipwa na wakazi wote, bango lililopigiliwa ukuta wa nje, na bomba la kuoshea nywele lililokausha tangi la paa kabla ya adhuhuri. Katika hayo yote, hakuna hata moja lililohitaji mjadala kama saluni ni kero. Mtu anayechukua eneo la wote lazima aonyeshe ni nani aliyemruhusu, na ruhusa hiyo haiwezi kutolewa na mlinzi, msimamizi wa jengo au mkazi mmoja mwenye moyo wa kusaidia.

Angalia pia kilichovunjwa. Ukuta uliotobolewa ili kupata mlango wa duka huenda ndio unaobeba uzito wa ghorofa za juu, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, hivyo jambo hili si la kuachia kikao cha mwezi ujao. Ukiona nguzo inachongwa, boriti inakatwa, au sakafu ya chini inachimbwa ili kupata stoo, ruka hatua zote za barua: nenda siku hiyo hiyo kwa mhandisi wa halmashauri, na ukiona nyufa mpya au sakafu inayobonyea, toeni watu nje na mpige simu Zimamoto namba 114.

Hatua ya 4: Weka kumbukumbu

Katika daftari andika tarehe, saa, ulichokiona, mahali, na jina la aliyekuwa pamoja nawe. Sentensi moja kwa tukio inatosha. "Jumanne, saa 5:40 usiku, muziki kutoka chumba cha chini upande wa kulia, mtoto wa nyumba ya juu yake ameamka, shahidi mama wa ghorofa ya pili" ni bora kuliko ukurasa wa maneno ya uchungu. Daftari lililoandikwa siku kwa siku lina nguvu kwa sababu linaonyesha mazoea.

Picha zipigwe zikiwa na kitu kisichohamishika ndani yake, kama namba ya mlango au mita ya LUKU, ili mtu asije akadai ni jengo jingine. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp ukafuta zilizo kwenye simu, kwa kuwa picha iliyopita huko hupunguzwa ukubwa na kupoteza taarifa za siku ilipopigwa. Hifadhi za asili.

*Tahadhari.* Usipige picha za wateja nyuso zao na kuzirusha mitandaoni pamoja na jina la biashara. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinaweza kukugeuza mlalamikaji kuwa mlalamikiwa, na mwenye duka mwenye wakili mzuri atafurahi ukimpa nafasi hiyo.

Hatua ya 5: Zungumza, kisha andika

Mwendee jirani mchana, ukiwa na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na pande zote, na umweleze kwa upole mlichokiona. Msimwambie afunge biashara. Mwambieni aondoe friza ngazini, arudishe waya, na alete kibali kama anacho. Watu kadhaa humalizia hapo, hasa wale waliodanganywa na dalali kwamba nyumba hiyo "inaruhusu biashara".

Asiposikia, itisheni kikao cha wakazi. Kikao kiwe na tangazo lililobandikwa mapema mahali pa wazi, orodha ya mahudhurio yenye majina, namba za nyumba na saini, na muhtasari unaotaja azimio kwa sentensi isiyo na utata. Mwalikeni mwenye biashara naye. Asipokuja, muhtasari uandike kwamba alialikwa na namna alivyoalikwa. Kama jengo lina chama cha wamiliki, fuateni kanuni zake kuhusu akidi na siku za taarifa, kwa sababu azimio la kikao kisicho na akidi hupanguliwa kwa pumzi moja.

Baada ya kikao mpelekeeni barua ya onyo yenye muda maalumu wa kurekebisha. Siku 14 ni muda wa haki kwa vitu vinavyohamishika. Atie saini nakala yenu. Akikataa kusaini, mjumbe aliyeipeleka aandike hapo hapo saa na maneno aliyoambiwa.

Naomba nikaze jambo moja ambalo huharibu mashauri mazuri: msikate umeme wake, msifunge maji yake, msibadilishe kufuli ya geti, wala msitoe bidhaa zake nje. Mkifanya hivyo, polisi watafika kwa ajili yenu.

Hatua ya 6: Barua kwa halmashauri

Hakikisha unaandika kwa halmashauri sahihi. Upanga, Kariakoo na Ilala yote iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam tangu mwaka 2021. Masaki, Mikocheni na Mwananyamala ni Manispaa ya Kinondoni. Sinza ni Ubungo. Barua iliyokosea anwani haikataliwi, hulala tu kwenye faili lisilo lake.

Elekeza kwa Mkurugenzi, kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata, na utume nakala kwa Mheshimiwa Diwani. Mwili wa barua uwe mfupi, mathalani hivi:

> YAH: MABADILIKO YA MATUMIZI BILA KIBALI, KIWANJA NA. …, KITALU …
>
> Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Sisi wakazi wa jengo lililopo kwenye kiwanja hicho tunaleta kwako malalamiko kwamba nyumba Na. … ya ghorofa ya chini, ambayo kwa masharti ya hati ni ya makazi, inatumika kama … tangu mwezi …. Aidha, maeneo ya pamoja yafuatayo yamechukuliwa kwa shughuli hiyo: ….
>
> Tunaomba ofisi yako (i) ikague eneo; (ii) itujulishe kwa maandishi kama kibali cha kubadili matumizi au cha ujenzi kilitolewa; na (iii) kama hakikutolewa, itoe notisi ya kusitisha matumizi hayo na kurejesha jengo katika hali yake.
>
> Tunaambatisha jibu la upekuzi, mchoro wa jengo, picha, muhtasari wa kikao na barua ya onyo.

Ombi la pili ndilo la thamani kuliko yote. Ofisi inaweza kuchelewa kukagua kwa kukosa gari, lakini kujibu kama kibali kipo au hakipo ni suala la kufungua faili, na jibu la "hakipo" likishakuwa mikononi mwako umebeba nusu ya ushahidi wote utakaouhitaji mbele ya safari.

Barua iingie masjala, si mezani kwa afisa unayemfahamu. Beba nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha uombe namba ya faili na uiandike kwenye daftari. Ziara zote zinazofuata zianze kwa kutaja namba hiyo.

Hatua ya 7: Peleka kila kosa kwa mwenye mamlaka nalo

Halmashauri inashughulikia matumizi ya ardhi, ujenzi na leseni ya biashara, na ndani yake afisa afya ndiye wa majitaka, taka na vyakula. Yaliyobaki yana wenyewe. Ngazi iliyozibwa, mlango wa dharura uliofungwa, mitungi ya gesi au jenereta ndani ya jengo ni vya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kwa uzoefu wa majengo ya jirani hapa kwetu hii ndiyo ofisi ambayo mkaguzi wake hufika mapema. Kelele na moshi hupelekwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zimeweka viwango vya mchana na vya usiku, na eneo la makazi lina kiwango cha chini kuliko la biashara, jambo linalokurudisha kwenye hatua ya 2. Waya uliounganishwa kiholela ni wa TANESCO. Mhandisi au mkandarasi anayevunja kuta bila kibali anaweza kuripotiwa kwenye bodi iliyomsajili.

Baa ina mlango wake wa ziada. Leseni ya vileo ni tofauti na leseni ya kawaida ya biashara na huhuishwa muda wake unapokwisha, kwa hiyo pingamizi lenu lifike kwenye mamlaka ya leseni kabla ya kikao cha kuhuisha, likiwa na saini za wakazi na barua ya serikali ya mtaa.

Usiandike barua moja yenye makosa yote na kuipeleka ofisi zote. Kila ofisi itasoma aya za wengine na kusema zielekezwe huko.

Hatua ya 8: Bango la kubadili matumizi likitokea

Mwenye nyumba aliyebanwa mara nyingi hukimbilia kuhalalisha. Utaona tangazo gazetini au bango limesimikwa kwenye kiwanja likieleza nia ya kubadili matumizi kutoka makazi kwenda biashara, au makazi na biashara. Lipige picha siku hiyo hiyo, kwa kuwa mabango ya namna hiyo yana tabia ya kujificha nyuma ya miti na kutoweka mapema.

Pingamizi liandikwe ndani ya siku zinazotajwa kwenye tangazo na liwafikie wataalamu wa mipango miji kabla ya kikao cha kamati ya halmashauri. Jikiteni kwenye mambo ambayo kamati hiyo inayapima: maegesho, uwezo wa mfumo wa majitaka, njia ya gari la zimamoto, uimara wa jengo, na ukweli kwamba mwombaji alianza kwanza ndipo akaomba. Katika jengo lenye wamiliki wengi, ulizeni pia kama wamiliki wenza walikubali, maana kiwanja ni kimoja na masharti ya hati yakibadilika yanabadilika kwa wote.

Hatua ya 9: Baraza

Ikiwa miezi imepita na notisi haijatolewa au imepuuzwa, shauri linaanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu na haliamui. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila muafaka, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiondoke kata bila hati inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, kwani bila hiyo maombi yako yanaweza kutupwa mlangoni.

Pamoja na maombi ya msingi, omba zuio la muda. Kipimo chake kinajulikana tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: lazima kuwe na hoja nzito ya kuamuliwa, madhara yasiyofidika kwa fedha ikiwa zuio halitatolewa, na usumbufu utakaokupata uwe mkubwa kuliko utakaompata mwenzako. Ukuta unaobomolewa hupita kipimo hicho kirahisi; duka ambalo limekaa miaka mitatu bila mtu kulalamika hupita kwa shida, na hapo ndipo daftari la hatua ya 4 linapolipa.

Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza tangu mwaka 2021, hivyo usiogope kuandika mwenyewe, ingawa ni vizuri wakili au msaidizi wa kisheria asome kabla hujawasilisha. Usiiunganishe halmashauri kama mdaiwa ila pale ambapo haikwepeki: kuishtaki kunahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuunganishwa, na shauri kuhamia Mahakama Kuu. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa.

Mambo yakikwama

*Masjala wanasema barua haionekani.* Toa nakala yenye muhuri na uombe wafungue kwa namba ya faili. Ukiwa huna muhuri, hukupeleka barua. Anza upya hatua ya 6.

*Majirani wamesaini, kisha wanajitoa.* Mara nyingi wameahidiwa kitu: kupakwa rangi ngazi, pampu mpya, au punguzo dukani. Usiwagombeze. Hoja ya matumizi ya kiwanja haihitaji wingi wa saini, na barua ya mmiliki mmoja mwenye upekuzi mkononi inatosha kuendelea.

*Mwenye duka ni mpangaji na anasema hakutambui.* Mwandikie mwenye nyumba wake aliyetajwa kwenye upekuzi, ukimkumbusha kwamba kuvunja masharti ya hati humfikia yeye: Kamishna wa Ardhi ana mamlaka ya kumpa notisi na hata kumtoza faini. Mwenye nyumba mwenye mkopo benki husikia haraka zaidi.

*Alama ya X nyekundu imepigwa ukutani, lakini ujenzi unaendelea usiku.* Rekodi video fupi yenye sauti ya nyundo na saa, peleka asubuhi kwa mkaguzi wa majengo pamoja na barua ya aya moja, na uambatishe hiyo hiyo kwenye maombi ya zuio.

*Biashara imefungwa, ikafunguliwa tena kwa jina jingine.* Notisi ya matumizi inahusu kiwanja na nyumba, si jina la kampuni. Andika barua mpya ukirejea kumbukumbu namba ile ile, usifungue malalamiko mapya.

*Nyumba inapangishwa kwa wageni wa siku moja moja, na hakuna duka wala bango.* Huu ndio mgumu kuliko yote kuthibitisha, kwa kuwa mgeni mwenye begi anafanana na shemeji aliyekuja kutembea. Tumieni kitabu cha mlinzi cha kuandikisha wageni, tangazo la nyumba hiyo lenye bei ya usiku lililohifadhiwa kama picha ya skrini pamoja na tarehe, na kanuni za chama, ambazo zinaweza kuweka muda wa chini wa upangishaji. Kama kanuni zenu hazina kifungu hicho, kipitisheni kwanza kwa akidi kamili, kisha mwandikieni mhusika akiwa ameshapewa nakala ya kanuni mpya na kuisaini.